Sura ya Tisa ya Mwalimu Hudson

Everlyne hakuwahi kumshauri mtu anunue kitabu ambacho mama yake hajakisikia. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya duka lake, na aliishika kuliko alivyoshika saa za kufungua na kufunga.

Duka lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuwa nyuma ya soko la Voi, kati ya kinyozi na muuza vipuri vya bodaboda, na kilicholiweka hai ni vitabu vya shule na madaftari ya Januari. Lakini upande wa kulia, pale mtu anapoingiza tu mguu, palikuwa na rafu moja aliyoipenda kama mtu anavyompenda kitinda mimba wake. Juu yake aliandika kwa rangi nyekundu: MAISHA YA KWELI. Hapo aliweka vitabu vipya vya historia, vya wasifu, na vile ambavyo watu wameandika kuhusu maisha yao wenyewe. Kila alichokipendekeza alikichomekea kadi ya manjano yenye sentensi tatu kwa mwandiko wake. Walimu, manesi na makarani wa kaunti hawakuhangaika na maneno ya jalada. Walisoma kadi ya Everlyne, wakalipa, wakaenda zao.

Wasichojua wengi ni kwamba kadi hizo zilikuwa na waandishi wawili. Mama yake, Katunge, hakujua kusoma hata jina lake. Kila Jumapili, baada ya kanisa na chakula, mama huyo alikaa kwenye kiti chake uani kule Mwakingali, akavua viatu, akasema, "Haya, leo ni nani anatudanganya?" Everlyne akafungua kitabu. Kitabu kiko kwa Kiingereza, mama yuko kwa Kikamba, na katikati yupo Everlyne, macho kwenye ukurasa na mdomo kwa mama, anakigeuza kitabu kizima sentensi kwa sentensi.

Mama Katunge alikuwa hakimu mkali. Wasifu wa mwanasiasa mmoja aliukata kwenye ukurasa wa thelathini: "Huyu tangu azaliwe hajakosea hata mara moja? Mrudishie mwenyewe." Historia ya wapagazi waliokufa kule Salaita, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, ilimtoa machozi, akauliza mbona wakubwa wote wana majina na wapagazi hawana. Everlyne aliliandika swali hilo kwenye kadi kama lilivyo, na vitabu vikaisha kwa wiki mbili. Kuna kimoja tu ambacho mama alikataa kisifunguliwe kabisa, kitabu cha maisha ya mkunga wa Njukini. Alisema kichwa kinamuuma. Everlyne hakumsukuma, kwa sababu Njukini lilikuwa neno lisilotajwa nyumbani kwao.

Sheria ya duka aliivunja mara moja tu, na aliivunja kwa adabu.

Mwalimu Hudson alikuja dukani Ijumaa asubuhi na katoni nne za kitabu chake, *Chaki Mkononi*. Huyu ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi aliyosoma Everlyne, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa Mama Katunge jikoni mwa shule hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Sasa alikuwa mstaafu wa Mwatate, suti ya kahawia, kofia mkononi, shingo bado imenyooka kama anasubiri wimbo wa taifa. Aliikagua rafu, akazisoma kadi moja moja.

"Na mimi utaniandikia lini?"

"Nikishakisoma, Mwalimu. Jumapili ijayo hivi."

Mzee alicheka. "Everlyne, mimi ndiye niliyekushika mkono ukaandika a, e, i, o, u. Leo unataka kunisahihisha?"

Akasimama palepale, akasubiri. Mtu wa nje angesema, si angekataa tu? Huyo hajafundishwa na Mwalimu Hudson. Everlyne alikuwa na miaka thelathini na sita, ana mume na binti wa sekondari, Sharon, lakini mbele ya mzee yule bado alijikuta anaficha kucha zake. Alitoa kadi akaandika: "Mwandishi huyu ndiye aliyenifundisha kusoma. Anaandika kama alivyofundisha, wazi, bila kuficha kitu. Mwamini."

Mwalimu aliisoma mara mbili. "Vizuri," alisema. "Nukta zote umeziweka mahali pake."

Aliinakili kadi hiyo kwa kila nakala, na kwa siku kumi kitabu kile kiliuzwa kuliko kingine chochote pale rafuni, huku Jumapili zake na mama bado zikimalizia kitabu kingine.

*

Aliyeleta habari ni Tryphena, katibu wa kikundi cha akina mama kanisani. Tryphena si mtu mbaya. Shida yake ni kwamba huruma yake ina sauti kubwa. Aliingia Jumanne mchana, akangoja wanafunzi wawili waliokuwa wakinunua rula watoke, akaegemea meza.

"Mama Sharon, nimekimaliza cha Mwalimu."

"Ukakionaje?"

"Nikwambie kweli? Kadi yako ndio ilifanya ninunue. Na nilipofika pale, nikasema huyu mwanamke ana moyo. Habari ni ya kwao, na bado ameandika 'mwamini.' Huyu amesamehe."

"Nimesamehe nini, dada Tryphena?"

Tryphena alimtazama, kisha akashika kifua. "Yesu wangu. Sura ya tisa hujasoma."

Everlyne alikivuta kitabu rafuni, na kadi yake ikaanguka chini. Alisoma akiwa amesimama. Sura haikuwa ndefu. Mwalimu alieleza kwamba mwaka wa 1996 shule yake ilipata aibu. Siku moja kabla ya mtihani wa moko, ule wa majaribio wa wilaya, karatasi za hesabu zilionekana mikononi mwa watoto wa darasa la nane, zimekunjwakunjwa, zina madoa ya mafuta. Matokeo ya shule nzima yalifutwa. Mwizi alikuwa kiranja mkuu mwenyewe, msichana aliyeaminiwa, binti wa mpishi wa shule. Mwalimu alipouliza, msichana alisimama kabla swali halijaisha, akasema, "Ni mimi, Mwalimu," macho makavu. "Nimefundisha miaka thelathini na minane," sura ilimalizika, "na sijaona moyo mgumu kama ule. Nilimfukuza siku hiyo hiyo. Mama yake nilimwacha jikoni, kwa huruma."

Jina hakuliandika. Lakini shule ilikuwa na mpishi mmoja, na mpishi alikuwa na mabinti wawili, na mmoja wao ndiye aliyekuwa amesimama hapo na kitabu mkononi. Wa pili alikuwa Koki.

"Mimi Mama Katunge sijamwambia kitu," Tryphena alinong'ona, na mnong'ono wake ulifika kwa kinyozi. "Lakini kikundini wengi wamesoma. Wanauliza kama ndiye yule aliyefia Njukini."

Ndiye. Everlyne alikuwa na miaka minane siku Koki alipofukuzwa, na Koki kumi na mitano. Alikumbuka mama akitoa nguo za Koki nje kwenye mfuko wa sukari, akisema, "Mimi ninawapikia watoto wa watu, wewe unawaibia. Usinijie tena." Koki hakujibu. Alishika njia ya Taveta, akawa kibarua wa kulima mahindi na maharagwe ya watu kule Njukini, na mwaka wa tano malaria ikamchukua. Mjumbe alipokuja, mama aliendelea kuchagua mawe kwenye mchele hadi mjumbe akaondoka. Mazishini hakwenda mtu wa nyumba hiyo. Tangu siku hiyo jina la Koki halikutamkwa tena mbele ya mama.

Na sasa Jumapili ilikuwa inakuja. Kutwa mama aliuliza, "Kitabu cha mwalimu wetu tutakisikia lini?" kwa hamu ya mtoto anayesubiri Krismasi. Mwalimu Hudson ndiye aliyemwacha na kazi yake, na hilo Mama Katunge hakulisahau katika sala zake hata siku moja. Everlyne aliwaza uso wa mama akisikia kutoka kwa mwalimu huyo huyo kwamba binti yake alikuwa mwizi mwenye moyo mgumu.

Ben, mumewe, ni karani wa maji, mtu wa kutafuta njia fupi. "Iruke," alisema jioni wakila. "Mama hajui kusoma. Atajuaje?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini Everlyne aliona haya, kana kwamba wamekaa mezani kupanga kumwibia kipofu.

*

Kesho yake alifunga duka mapema akaenda Mwatate. Mwalimu alimpokea vizuri, akamketisha barazani, akamfungulia soda na kumwekea mrija.

"Nasikia kinakwenda vizuri," alisema.

"Mwalimu, ni ile sura ya tisa."

"Ahaa." Mzee alikunja miguu. "Jina sikuandika. Nilifikiria sana, nikaliacha. Hiyo ni heshima kwenu."

"Umeandika binti wa mpishi. Mpishi alikuwa mmoja."

"Sasa ningeandika nini? Binti wa mfagiaji? Everlyne, kitabu cha maisha ni cha ukweli. Wewe mwenyewe umewaambia watu hivyo kwa kadi."

Everlyne aliikodolea macho soda yake. Alikuwa amekuja na maneno mengi, ila mbele ya Mwalimu yalimtoka yakiwa yamepungua. "Nakuomba tu tutoe kurasa hizo kwenye zilizobaki. Nitazikata mwenyewe kwa wembe, hakuna atakayejua. Mama yangu anakupenda, Mwalimu. Ana miaka sabini na nne."

"Kukata kitabu!" Mwalimu alisema, kwa sauti ile iliyokuwa ikinyamazisha gwaride. Kisha akailegeza. "Sikiliza. Mama yako ningeweza kumfukuza pia, wengi walitaka hivyo. Sikumfukuza. Tena yule dada yako, kabla hajatoka ofisini, aliniomba kitu kimoja tu, nisimwachishe mama yake kazi. Hakuomba msamaha, hakuomba afanye mtihani. Hilo nikaliacha nje ya kitabu, maana ingeonekana ni kama nilitii amri ya mwizi. Unaona nilivyochagua maneno?"

"Aliomba hivyo?"

"Hivyo tu. Kunywa soda, itaisha gesi."

Aliinywa. Hata kukataa soda hakuweza. Alipoinuka, Mwalimu alimwambia kwamba kitabu kikichapwa mara ya pili atalifikiria jambo hilo, na akamwomba aagize nakala zaidi kabla shule hazijafungwa.

Njia nzima Everlyne aliyashika maneno yale aliyoambiwa mwishoni. Koki alimwombea mama. Katika habari ile yote hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa na utamu, naye akajiambia kwamba mama akilazimika kusikia, basi na hilo atalisikia.

*

Jumapili Mama Katunge alirudi kutoka kanisani kimya. Hakula. Alikaa kwenye kiti chake uani, viatu miguuni.

"Lete cha Mwalimu," alisema. "Usianzie mwanzo. Anzia pale pa Koki."

Ben, aliyekuwa akiosha pikipiki, aliacha kitambaa kikidondosha maji. Kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyelisikia jina hilo likitoka kinywani humo.

"Mwaitu," Everlyne alisema, kwa neno la Kikamba la kumwita mama, "nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Leo kanisani wamenipisha kiti cha mbele kama mfiwa. Tryphena amenishika mkono mpaka ukatoa jasho. Nikauliza, wakatazamana, mmoja akasema ni kitabu cha Mwalimu, kuna maneno ya mtoto wangu. Nina watoto wawili, na wewe hujafanya la kuandikwa. Soma. Tena soma kilivyo. Usinipikie."

Everlyne alileta kitabu. Aliigeuza sura ile Kikamba, polepole, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayesoma mbele ya darasa. Moko. Karatasi za hesabu. Kiranja mkuu. "Ni mimi, Mwalimu." Alipofika kwenye moyo mgumu ulimi ulikataa, akaparuka. Na mahali pale palipobaki wazi, akaweka zawadi aliyoibeba kutoka Mwatate.

"Kisha Mwalimu anasema, kabla hajatoka ofisini msichana aliomba kitu kimoja tu. Kwamba mama yake asifukuzwe kazi jikoni."

"Hiyo imeandikwa hapo?"

"Imeandikwa," Everlyne alidanganya.

Alidhani mama atalia, na kilio kile kitakuwa cha kuponya. Mama hakulia. Alikunja uso kama mtu anayehesabu watu waliokula na sahani zilizorudi.

"Kwa nini nifukuzwe?" aliuliza.

"Nini, Mwaitu?"

"Mtoto ameiba ofisini. Anafukuzwa mtoto. Mpishi afukuzwe kwa nini? Alinionea hofu ya nini?"

Everlyne aliuinamia ukurasa.

"Rudi nyuma," mama alisema. "Pale pa karatasi. Zilikuwa na nini?"

"Zimekunjwakunjwa. Zina madoa ya mafuta."

"Mafuta."

"Ndiyo, Mwaitu."

Mama Katunge alinyoosha mkono akachukua gazeti lililokuwa chini ya beseni la nguo, akachana ukurasa. Vidole vyake, ambavyo siku hizi hata kifungo cha nguo kilivishinda, viliukunja ukurasa ule mara moja, vikauzungusha, vikapinda ncha, ukawa pakiti. Aliishika mbele ya uso wa binti yake.

"Zimekunjwa hivi," alisema. Halikuwa swali.

"Haijasema zimekunjwaje."

"Mimi ninasema. Nilikuwa nauza mandazi saa nne kwenye dirisha la jikoni. Nilikuwa nachukua karatasi ofisini za kuwashia moto na za kufungia. Mwalimu mwenyewe aliniruhusu, zilizo chini ya meza, alisema, hizo ni takataka. Siku hiyo chini ya meza palikuwa na katoni, wazi juu. Karatasi nzuri, nyeupe upande mmoja. Nilifurahi, Everlyne. Nilichukua za kunitosha wiki mbili. Mimi niliona karatasi. Ningeuona mtihani kwa macho gani?"

Ben alikuja akasimama nyuma ya mkewe.

"Tena alikuja," mama alisema, na sasa sauti ilianza kumvunjika. "Saa nne hiyo hiyo alikuja dirishani ameshika pakiti, mandazi hajala. Akaniuliza, 'Mwaitu, karatasi hizi umezitoa wapi?' Kulikuwa na foleni. Nikamwambia, 'Kwani wewe ni polisi? Nenda darasani.' Akaniangalia. Akachukua zote zilizobaki kwenye meza, akaziingiza ndani ya moto wangu moja moja mpaka zikaisha. Nikampiga mwiko mkononi kwa kunimalizia karatasi. Everlyne, nilimpiga."

Alipiga ukelele mmoja, mfupi, majirani wakatoka. Everlyne alipiga magoti akamkumbatia miguuni, na wote wawili walilia, mmoja kwa kujua na mwingine kwa kujua kwamba yeye ndiye aliyemjulisha. Kama angeiruka ile sura, kama angeisoma ilivyo bila kuongeza la kwake, mama angezeeka akiwa na binti mwizi, na hilo alikwisha kulizoea. Sasa alikuwa na binti asiye na kosa, ambaye yeye mwenyewe alimtupia nguo nje.

*

Siku mbili Mama Katunge hakuinuka kitandani. Siku ya tatu alimwita Everlyne. "Mpigie Mwalimu. Mwambie aandike jina langu mahali pa Koki."

Everlyne alipiga. Alieleza yote, mandazi, dirisha, moto. Upande wa pili Mwalimu alivuta pumzi.

"Mama yako amezeeka," alisema kwa upole. "Anamfunika mtoto wake. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo."

"Hamfuniki, Mwalimu. Ni kweli."

"Watoto wote walikula mandazi, mafuta yalikuwa kila mahali. Na msichana alikiri mwenyewe, sikumlazimisha. Mtu anakirije kosa ambalo si lake?"

Everlyne alizungusha kidole kwenye ukingo wa meza. Kisha akauliza swali ambalo hajawahi kumuuliza mwalimu yeyote. "Katoni ya mtihani ilikuwa chini ya meza, wazi, au ilikuwa imefungiwa kabatini?"

Alisikia kiti cha Mwalimu kikisogezwa.

"Hayo ni mambo ya zamani, Everlyne," Mwalimu alisema. "Nisalimie mama." Simu ikakatika.

Jioni hiyo Everlyne alivitoa vitabu vyote vya Mwalimu rafuni akavirudisha kwenye katoni. Lakini vilivyokuwa majumbani vilikuwa majumbani, na kila kimoja kilikuwa na kadi ya manjano ndani yake. Watu wa Voi hawatupi kadi zake. Wanazitumia kuwekea alama walipofika.

Alipomweleza mama jibu la Mwalimu, mama alisikiliza mpaka mwisho, akaomba maji ya kuoga na nguo yake ya Krismasi ipigwe pasi.

*

Jumapili, wakati wa ushuhuda ulipofika, Mama Katunge aliinuka akatembea hadi mbele. Everlyne alitaka kumshika mkono, akakataa. Kanisa lilikuwa limejaa. Tryphena alikuwa safu ya pili, leso tayari.

"Bwana asifiwe," mama alisema kwa Kiswahili chake.

"Asifiwe!"

"Mimi sijui kusoma. Nyinyi mmesoma kitabu ya Mwalimu. Hiyo karatasi ya mtihani, mtoto yangu hakuiba. Nilichukua mimi. Nilifungia mandazi. Mtoto alijua ni mimi, akasema ni yeye, ndio nisifungwe. Nikamfukuza. Akakufa kwa shamba ya watu na sikuenda kumzika." Aliinyoosha nguo yake ya Krismasi. "Jina yake Koki. Ni hayo tu."

Waliokuwa wakijipepea waliacha. Everlyne, akiwa amesimama kando ya benchi, alihisi kwa mara ya kwanza wiki hiyo kwamba kuna kitu kitanyooka. Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi. Wa pili akafuata. Tryphena alisimama, machozi yakimtiririka, akapaza sauti, "Mama ni mama!"

Mchungaji alikuja akamzungushia mkono mabegani. "Ndugu zangu, mmeona? Huyu mama yuko tayari kubeba dhambi ya mtoto wake mbele ya kanisa zima. Huo ndio upendo tunaoufundisha hapa."

"Hapana, pasta," Mama Katunge alisema. "Sibebi. Ni yangu."

"Haleluya," mchungaji alisema, na makofi yakazidi.

Mama aligeuka kuwatazama watu, mmoja mmoja, kama anayetafuta uso unaomjua. Midomo yake ilisema tena, ni mimi, ni mimi mwenyewe, lakini kinanda kilikuwa kimeanza na wimbo ukamfunika. Mchungaji alimrudisha kwenye kiti kwa heshima zote.

Nje, baada ya ibada, walipanga foleni kumpa mkono. Tryphena alimvuta Everlyne pembeni. "Mama Sharon, nimebarikiwa. Kuna nakala zimebaki? Ndugu yangu wa Taveta akisikia habari hii lazima asome."

"Zimeisha," Everlyne alisema.

Alimtoa mama kwenye umati ule wakashika njia ya nyumbani. Walitembea pole pole, jua kali, nguo ya Krismasi imeloa mgongoni. Walipofika mahali pasipo na mtu, Mama Katunge alisimama.

"Koki alisema uongo mara moja," alisema, "wakamwamini kabla hajakaa chini. Na mimi mama yake nikamwamini pamoja nao."

"Mwaitu, mimi ninakuamini."

"Wewe ni damu yangu. Wewe huhesabiwi." Aliupangusa uso kwa kiganja. "Sasa nitaungama kwa nani?"

Everlyne alitafuta neno la kumpa, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kutafutia watu maneno, na hakulipata. Alimshika mkono tu, na safari hii mama hakuutoa. Mbele kidogo waliwakuta wanawake watatu waliokuwa wametangulia kutoka kanisani, wamesimama njiani wakiongea. Wanawake wale walijisogeza kando ya njia, wakainamisha vichwa, na mmoja wao akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kusikika, kwamba huyo ndiye yule mama mwema.